Ndama Yatima ni wa Nani?

Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima, kina baba na kina mama! Ketini vizuri, fungueni madaftari. Leo tutasoma habari za ndama asiyetakiwa, na mtoto anayemlea ili ampeleke kwenye maonyesho ya wakulima.

Mnajua mambo yanavyokuwa hapa kwetu Ufipa. Ng'ombe amezaa usiku, asubuhi amekufa. Ndama amebaki, miguu inatetemeka. Baba anamtazama, anasema, "Huyu hatapona. Atatumalizia maziwa bure." Binti yake anasema, "Baba, nipe mimi." Baba anajibu, "Haya, mchukue," naye anakwenda zake kufunga plau. Likumbukeni neno hilo, "mchukue." Tutalirudia. Lakini kwanza ndama apone.

Mwalimu, andika ubaoni: DANG'A. Someni wote pamoja: da-ng'a. Ni yale maziwa ya kwanza, mazito, ya rangi ya manjano. Ndama huzaliwa hana kinga ya maradhi, na kinga yake imo katika dang'a. Yafaa ainywe katika saa 6 za kwanza. Siku moja ikipita, tumbo lake haliwezi tena kuipokea kinga hiyo. Basi kama mama amekufa, nenda kwa jirani ambaye ng'ombe wake amezaa jana au leo, ukaombe. Usione haya. Kesho yeye atakuja kwako.

Ndama hajui kunywa katika ndoo, lazima afundishwe. Mtoto aoshe mikono, achovye vidole viwili katika maziwa, ampe ndama avinyonye. Kisha ashushe mkono polepole mpaka mdomo wa ndama uguse maziwa. Atakohoa, atapiga ndoo teke, atamwagia mtoto nguo. Msicheke sana. Baada ya siku chache atakunywa mwenyewe.

Sasa hesabu kidogo. Ndama hupewa kwa siku maziwa ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Ndama wa kilo 20 atakunywa kiasi gani? Lita 2. Zigawanywe mara mbili au tatu, tena ziwe vuguvugu. Ukimpa zote mara moja, ataharisha, na kuharisha ndiko kunakoua ndama wengi.

Halafu kuna baridi. Mji wa Sumbawanga uko juu, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wetu hauna miti mingi ya kuzuia upepo. Mwezi wa Juni na wa Julai ndama asiye na mama hana ubavu wa kuegemea. Mtandikieni nyasi kavu, mzibadilishe zikilowa. Mtoto atazame masikio yake kila siku, maana kupe hupenda kukaa humo, na kupe ndiye anayeleta ndigana kali. Mkiona homa, na tezi zimevimba chini ya sikio, mwiteni afisa mifugo siku ile ile. Wazee wangali wanamwita bwana mifugo. Mwiteni kwa jina lolote, mradi aje.

Ndama akipona, mtoto aanze kumzoeza kamba angali mdogo. Atembee naye, amsimamishe, amshike miguu, ampige brashi. Siku ya maonyesho mwamuzi hatazami unene peke yake. Hutazama mgongo, miguu, kwato, na kama mnyama ametulia. Hapo ndama aliyelelewa kwa mkono huwapita wengi, kwa sababu hawaogopi watu.

Sikukuu ya wakulima ni Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini hukutana Mbeya, katika viwanja vya John Mwakangale. Kutoka hapa kupitia Laela na Tunduma ni zaidi ya kilometa 300, na mnyama hasafirishwi bila kibali. Ni mbali, yakiwapo maonyesho ya karibu, anzeni na hayo.

Sasa turudi kwa lile neno. Mnyama amesimama uwanjani, anang'aa. Mnunuzi anakuja. Je, anamwuliza nani bei? Anamwuliza baba. Na baba anajibu! Ndama alipokuwa mgonjwa aliitwa wa mtoto. Aliponenepa amekuwa wa baba. Binti anarudi nyumbani na kamba mkononi. Mwakani mkimpa yatima mwingine, mnadhani ataamka usiku kumwasha moto?

Wenzetu wamelifikiria jambo hili. Kenya kuna vyama vya shule viitwavyo 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Marekani kuna vyama vya 4-H. Huko Marekani mtoto huwa na daftari la mnyama wake: alikula nini, dawa ilikuwa bei gani. Mara nyingi mnyama huuzwa mnadani maonyesho yakiisha, na fedha ni za mtoto. Anajua hivyo tangu mwanzo. Hulia, lakini hakuibiwa.

Baba naye ana haki yake. Malisho ni yake, na dawa alinunua yeye. Kwa hiyo mapatano yafanywe mapema, yaandikwe. Nanyi sasa mnajua kuandika.

Mwalimu, andika haya ubaoni, kila mmoja ayanakili na kujaza majina ya nyumbani kwake:

"Mimi, baba yake ........, nakubali kwamba ndama jike mwekundu aliyefiwa na mama yake tarehe ........ ni mali ya binti yangu. Bila idhini yake hauzwi. Akiuzwa, fedha ni za masomo yake. Akizaa, ndama wa kwanza ni wa binti, wa pili ni wa nyumba. Sahihi ya baba ........ Sahihi ya mama ........ Sahihi ya binti ........ Shahidi, mwenyekiti wa kitongoji ........"

Asiyeweza bado kutia sahihi aandike jina lake kwa herufi kubwa. Mwalimu atapita kutazama madaftari. Kwa herini.