Majivu, Vumbi la Mawe na Ghala Letu
Hotuba iliyosomwa na Katibu wa chama cha msingi, Sanya Juu, katika sherehe za Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Walionitangulia wamekwisha kueleza habari za bei, za mikopo na za pembejeo, nao wameeleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Mimi nimetakiwa niseme juu ya ghala ambalo mkutano mkuu umekusudia kulijenga hapa Sanya Juu, na hasa juu ya jambo lililozusha maneno mengi vikaoni, nalo ni hili: matofali yake yatoke wapi?

Desturi yetu yajulikana. Mtu atakaye nyumba ya kudumu huchimba udongo wa mfinyanzi bondeni, huukanyaga, huutia katika kalibu, huyaanika matofali mpaka yakauke, kisha huyapanga tanuru na kuyachoma kwa kuni mchana na usiku. Hupata tofali jekundu, lenye mlio likigongwa, na heshima kwa majirani. Sina neno la kulidharau tofali hilo; shule nyingi za mlima huu zimesimama kwa hilo.

Lakini na tufanye hesabu. Tofali lenye urefu wa sentimita 23, upana wa 11 na kimo cha 7.5 lina ujazo wa karibu lita 1.9. Ghala likitaka matofali 40,000, udongo wake ni mita za ujazo 76, mbali na yatakayovunjika. Hilo ni shimo la mita 10 kwa 8, lenye kina kinachokaribia mita moja. Yaani sehemu moja ya hamsini ya eka. Kwa mwenye eka mia si kitu. Kwetu sisi, ambao kihamba cha babu hugawanywa kwa wana na wajukuu mpaka migomba yaweza kuhesabiwa kwa dakika moja, ni kitu kikubwa. Na ni nani aliyepata kuliona shimo la matofali likifukiwa? Masika hulijaza maji, mbu huzaliana, na mama hawana amani watoto wachezapo karibu yake.

Tena ziko kuni. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi wa Kilimanjaro ulitiwa ndani ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa, nasi sote twajua kwamba kuni za tanuru hazipatikani huko kwa halali. Basi hutoka vihambani: mringaringa, mfuruanje, mgrevilea. Miti hiyo ndiyo kivuli cha kahawa. Mwanachama amwuziapo mchoma matofali mti wa kivuli hupata fedha ya leo. Mwaka wa pili kahawa yake yababuka kwa jua, naye huja ofisini kumwuliza katibu kwa nini kilo zimepungua. Katibu hutazama daftari, na daftari halina habari za mringaringa. Hapo ndipo suala la matofali linapokuwa suala la chama cha kahawa.

Je, tofali laweza kupatikana bila mfinyanzi na bila tanuru? Laweza, na si habari mpya. Mjerumani Fritz Lürmann, mnamo mwaka 1865, alichukua takataka za kiwanda cha chuma, akazichanganya na chokaa, akapata matofali yasiyochomwa. Huko India mitambo ya umeme huchoma makaa ya mawe na kuacha milima ya majivu. Mwaka 1999 serikali yao ilitoa amri kwamba viwanda vya matofali vilivyo karibu na mitambo hiyo vichanganye majivu hayo katika kazi yao. Jirani yetu Nzambi Matee wa Nairobi alichanganya plastiki iliyotupwa na mchanga, akatengeneza vigae vya kutandika njiani, na mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtunza. Kazi yake naisifu, ila vigae hivyo ni vya kukanyagwa. Sisi twatafuta ukuta.

Siri ya kazi hii yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mfinyanzi hugeuka jiwe kwa moto. Majivu ya namna fulani, yenye asili ileile ya mchanga, hugeuka jiwe kwa chokaa na maji, polepole, bila moto. Warumi wa kale walitumia majivu ya volkano kwa njia hiyo. Sementi nayo itoapo nguvu zake huacha chokaa ndani. Majivu yakiwapo huikamata chokaa hiyo na kuifanya nayo iwe na nguvu.

Sasa tutazame takataka za viwanda vyetu wenyewe, maana si kila takataka ni tofali. Wengi walinijia wakisema, “Katibu, tuna makapi ya kahawa, tuyatumie hayo.” Ni kweli kwamba katika kila kilo 100 za kahawa ya maganda, kilo zipatazo 20 hubaki kuwa makapi baada ya kukobolewa. Lakini makapi mabichi ya mmea yana sukari na maji yake mengine, na sementi iliyoguswa na sukari hukataa kushika. Fundi yeyote aweza kulijaribu hilo kwa kijiko kimoja cha sukari katika kopo la sementi. Majivu yake nayo yana chumvi nyingi ya potasiamu, ambayo ni chakula cha mgomba. Basi makapi ya kahawa ni kuni nzuri, kama kiwanda cha sementi cha Hima, magharibi mwa Uganda, kilivyoyatumia katika tanuru lake; na majivu yake yarudi shambani.

Makapi ya miwa ya kiwanda cha TPC, Arusha Chini, huchomwa na kiwanda chenyewe kupata mvuke na umeme. Majivu yake yaweza kufaa, ila mara nyingi huwa na mkaa mwingi ndani.

Yaliyo bora ni majivu ya pumba za mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, uliwapa jirani zetu wa Chekereni mashamba ya mpunga yanayojulikana nchini. Tani moja ya mpunga hutoa kilo zipatazo 200 za pumba, na pumba hizo zikichomwa huacha kilo 40 hivi za majivu. Yapasa zichomwe kwa moto wa kadiri, usiopita digrii 700. Moto ukizidi, majivu hufa na kuwa kama mchanga mtupu. Yafaayo ni ya kijivu, wala si meusi, nayo yasagwe mpaka yawe laini kama unga.

Kwa mwili wa tofali lenyewe natoa shauri la vumbi la mawe, lile libakilo penye mashine za kupasua kokoto. Vumbi hilo lichanganywe na sementi, na sehemu moja katika tano ya sementi ishikwe na majivu ya pumba. Kisha mchanganyiko ushindiliwe kwa mashine ya mkono ya namna ile iliyobuniwa Kolombia katika miaka ya 1950, ambayo watu wawili au watatu huiendesha bila umeme. Matofali yafunikwe na kunyweshwa maji kwa wiki nne. Hayo maji ndiyo tanuru lake, na mvivu wa kunywesha atapata tofali la kubomoka mkononi.

Nazijua hoja zinazopinga. Ya kwanza, kwamba tofali la kijivu ni la maskini. Kwa hoja hiyo sina dawa, ila lipu na chokaa. Ya pili ni nzito: vijana wetu kadhaa hula kwa kazi ya kuchoma matofali, nao ni watoto wa wanachama. Kama Chama kitanunua matofali yaliyotengenezwa mjini, tutakuwa tumewanyang'anya mkate. Kwa hiyo naomba kazi ya kushindilia wapewe wao kwanza, kwa malipo ya idadi ya matofali, kama walivyozoea. Ya tatu ni gharama ya kuyaleta majivu kutoka zaidi ya kilomita 40. Lakini malori yapelekayo kahawa Moshi hurudi matupu, na lori tupu hula mafuta vilevile.

Sitaki tuamue kwa maneno. Naomba Halmashauri itoe ruhusa ya kutengeneza matofali 200 ya majaribio: mia yenye majivu, na mia ya sementi peke yake kwa kulinganisha. Yakitimiza wiki nne, mengine yalowekwe majini usiku na mchana kisha yapimwe uzito, mengine yaangushwe kutoka kimo cha bega, na yaliyobaki yajengewe ukuta mdogo nyuma ya ofisi, pasipo lipu, ukapigwe na mvua yote ya masika. Wawili kati ya wachoma matofali wetu wakae katika kamati ya kuukagua. Ujenzi wa ghala hautaanza kabla ya masika kwisha. Muda upo, na mahali pa ukuta huo nimekwisha kupapima.