Moto wa Baniani: Asili na Maana ya Ibada za Wahindu

Wako miongoni mwenu wanaotusikiliza kutoka Mbwara, Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji, na kwao hasa nayaelekeza maneno yangu ya leo.

Iko methali ambayo kila mtu wa pwani aijua: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Maana yake ni kwamba mtu usiyempenda aweza kuwa na kitu kikufaacho. Methali hii yatufundisha kukitwaa kiatu. Lakini juu ya mwenye kiatu haitufundishi neno. Na hivyo ndivyo tulivyoishi. Katika enzi ya Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, Jairam Shivji, Mhindu wa kabila la Bhatia kutoka Kachchh, alikuwa amekodi forodha ya Unguja. Huku Rufiji nako wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka Utete na Mohoro. Bei ya nguo zao tuliijua. Maana ya ibada zao hatukuiuliza. Tuliona moto ukiwashwa na samli ikimiminwa humo, tukasema, "Hawa ni waabudu moto," tukaenda zetu. Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Leo na tujaribu kuijua.

Asili ya ibada hizo imo katika Veda, neno la Kisanskriti lenye maana ya maarifa. Iliyo kongwe ni Rigveda, yenye nyimbo 1,028 katika vitabu 10. Wataalamu wengi hukadiria kwamba zilitungwa baina ya miaka 1500 na 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Kwa karne nyingi hazikuandikwa. Zilihifadhiwa vifuani, mwalimu akimsomea mwanafunzi na mwanafunzi akirudia neno kwa neno, sauti kwa sauti, kama watoto wetu chuoni wanavyohifadhi Kurani. Usomaji huo wadumu hata leo, na mwaka 2003 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa urithi bora wa wanadamu.

Neno la kwanza kabisa la Rigveda ni Agni, yaani Moto. Lakini tazameni kazi aliyopewa Agni katika nyimbo hizo. Huitwa kuhani, huitwa mgeni mheshimiwa wa nyumba, na huitwa mjumbe. Kitu kitiwacho motoni hugeuka moshi, na moshi hupanda mahali ambapo mkono wa mtu haufiki. Kwa hiyo samli na nafaka hukabidhiwa moto ili ziwafikie wanaoombwa. Ni kweli kwamba Agni mwenyewe husifiwa humo kama mungu. Walakini Rigveda hiyo hiyo ina fundisho kwamba majina mengi ya miungu ni majina ya Mmoja. Basi atazamaye moto tu na asiitazame dua ni kama amwonaye tarishi akadhani ndiye mwenye barua.

Katika arusi moto huo huwa shahidi. Bwana na bibi arusi huuzunguka, kisha hutembea hatua saba pamoja. Vitabu vya kale vya kaida za nyumbani vimeieleza kila hatua na ombi lake: ya kwanza chakula, ya pili nguvu, ya tatu mali, ya nne raha, ya tano watoto, ya sita majira mema ya mwaka, na ya saba urafiki. Sheria ya ndoa za Wahindu iliyotungwa India mwaka 1955 yasema kwamba, pale kaida hii inapofuatwa, ndoa hutimia hatua ya saba inapokanyagwa. Ndoa yafungwa kwa urafiki! Nani kati yetu atasema neno hilo ni geni kwake?

Wala msidhani kwamba kila jambo la ibada hizo limetoka katika Veda. Mahekaluni Wahindu huweka maua, matunda na maji mbele ya sanamu. Desturi hii ilienea baadaye, na msingi wake mmoja ni Bhagavad Gita, ifundishayo kwamba hata jani au maji hukubaliwa yakitolewa kwa moyo wa upendo. Mabaharia na wachuuzi wa pwani ya Gujarati hutupa nazi baharini mbalamwezi ya mwezi wao wa Shravan, ukali wa pepo za kusi unapopungua, ili waanze safari kwa salama. Wahindu wenyewe hujadiliana juu ya mambo haya. Swami Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj mjini Bombay mwaka 1875, akiwaita watu warudi kwenye Veda na waache sanamu. Na mwaka 1903 chama hicho kilikuwa kimekwisha kufika Nairobi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nizungumze nanyi. Tuseme fundi Mhindu amekuja Rufiji kwa kazi, naye amefariki ghafula wakati wa masika, njia hazipitiki. Jamaa zake wawili watatu wanataka kumchoma. Wengi wetu tutashtuka, maana kwetu maiti huzikwa, na kumchoma mtu twaona ni kumdhalilisha. Lakini kwao jina la kaida hiyo ni antyeshti, yaani sadaka ya mwisho. Huyo aliyetia samli motoni maisha yake yote sasa atolewa mwenyewe. Maiti huoshwa na kuvishwa nguo safi, kama kwetu. Kwa desturi mtoto mwanamume wa kwanza huwasha moto. Katika kitabu cha 10 cha Rigveda, Agni huombwa asimwangamize marehemu, bali amfikishe kwa baba zake waliotangulia. Kisha majivu hupelekwa mtoni au baharini.

Je, hapo jirani afanyeje? Hatakiwi kuacha dini yake, wala kushika asichokiamini. Lakini aweza kuwapa kuni, aweza kuwaazima mtumbwi, aweza kuwazuia watoto wasicheke. Yasimuliwa katika Hadithi kwamba jeneza la Myahudi lilipita, Mtume Muhammad akasimama. Alipoambiwa ni la Myahudi, aliuliza kama hiyo nayo haikuwa nafsi. Mwenye kulikumbuka swali hilo hatauliza ni kuni za nani na za dini gani.

Wasikilizaji wangu, kuijua maana ya ibada ya mwenzio si kuingia katika dini yake. Ni kumwona mtu pale ulipokuwa ukiona kiatu. Kiatu tumekivaa miaka mingi. Haki ya mwenye kiatu ni deni letu, na siku ya msiba ndiyo siku ya kulilipa.