Hadwea Kabla ya Mlima: Vifaa vya Bei Nafuu vya Kulala Nje

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Nanyuki mbele ya vijana, walimu wa vilabu vya shule na wapagazi wa Mlima Kenya.

 

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliye mjini Nanyuki huuona mlima bila kutafuta. Batian, mita 5,199. Nelion, mita 5,188. Lenana, mita 4,985. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya na Marekani kuja kuukanyaga, ilhali kijana aliyezaliwa Majengo au Likii anaweza kufikisha miaka thelathini bila kufika hata kambi ya Old Moses. Akiulizwa sababu, jibu huwa ni vifaa. Hema, godoro la safari, mfuko wa kulalia, jiko dogo. Akizijumlisha bei za maduka ya wapanda milima, anaona heri auangalie mlima akiwa barabarani.

Leo tunazungumzia duka jingine, lile la vifaa vya ujenzi ambalo wengi huliita hadwea. Mengi yanayohitajika kulala nje yamo humo. Humo humo yamo pia ambayo yakitumiwa vibaya yataua mtu, na bei nafuu haitakuwa faraja kwa familia yake.

Kutengeneza vifaa vya mlima kwa mikono si jambo jipya katika mji huu. Mwaka 1943 palikuwa hapa Nanyuki na kambi nambari 354 ya wafungwa wa vita, Waitaliano waliokuwa wametekwa na Waingereza. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliutazama mlima kutoka nyuma ya seng'enge hadi akaamua kuupanda. Akapata wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari, na Vincenzo Barsotti. Nyundo ziligeuzwa kuwa mashoka ya barafu. Mabaki ya chuma yalikatwa yakawa meno ya kufunga chini ya viatu. Kamba za katani za vitanda vya kambi zilifunguliwa zikawa kamba za kupandia. Ramani hawakuwa nayo, na mchoro mmoja wa mlima waliokuwa wakiutegemea ulitoka kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Walitoroka mwezi wa Januari. Barsotti akaugua, akabaki kambini kwao chini ya kilele. Batian ikawashinda. Lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana na kusimika bendera yao, kisha wote watatu wakateremka na kurudi kambini wenyewe, njaa imewabana. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na kamanda akazipunguza hadi 7.

Wageni hupenda kisa hiki kwa sababu ya ujasiri. Fundi akikisikia anaona kitu kingine. Wale watu walijua kila kifaa kilikuwa na kazi gani. Nyundo ilifaa kwa kuwa chuma chake ni kigumu. Kamba ya katani, kwa upande wake, ilikuwa hatari tupu. Laiti mmoja wao angeanguka vibaya, huenda isingemshika. Hawakuwa na nyingine. Kijana wa leo hana haja ya kurudia hatari hiyo.

Tuanze na paa. Ile karatasi ya nailoni inayotandazwa chini ya sakafu kabla ya kumwaga zege huuzwa kwa mita, na unene wake hutajwa kwa geji. Geji 1000 ni robo ya milimita. Kipande cha mita 3 kwa 4 cha geji hiyo kina uzito wa karibu kilo mbili na robo tatu. Geji 500 ni nusu ya hapo. Mwenye duka atasema nene ndiyo imara, na kwa sakafu yuko sahihi, lakini yeye hataibeba mgongoni kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi kambi ya Shipton, mita 4,200. Geji 500 inatosha kwa safari ya siku chache. Likipatikana turubai jepesi lililofumwa, ni bora zaidi, kwa sababu likichanika mahali pamoja mchano hauendi mbali, na pembeni lina pete za kufungia.

Karatasi ya nailoni haina pete, na hapo ndipo wengi huiharibu kwa kuitoboa. Tundu moja likivutwa na upepo usiku, asubuhi ni mchano wa mita nzima. Chukua kijiwe laini cha ukubwa wa limau, kiweke chini ya karatasi karibu na pembe, kikunje ndani kama unayefunga peremende, kisha funga kamba shingoni mwake. Karatasi itapasuka kwingine kote kabla ya fundo hilo kuachia.

Msituni, kamba inayobeba paa hufungwa kati ya miti miwili. Ukipita Old Moses, mita 3,300, miti ya kufungia imekwisha. Kwa hiyo nunua bomba la PVC la inchi moja, likatwe vipande vya sentimita 60, na soketi mbili. Vipande viwili vikiunganishwa bila gundi ni nguzo ya mita moja na sentimita 20, na vikitenganishwa vinaingia kwenye mkoba. Bomba la nusu inchi ni rahisi zaidi lakini hupinda upepo ukija. Paa liwe chini, mgongo wake ukiuelekea upepo. Vigingi ni misumari ya inchi 6, minane, ambayo yote ina uzito wa robo kilo hivi na vichwa vyake hushika kamba vizuri. Kwenye udongo uliolegea msumari hung'oka, basi uwekewe jiwe juu.

Ncha mbili za paa ziachwe wazi. Nailoni haipumui. Ukiifunga kila upande, mvuke wa pumzi utaganda juu na kukudondokea, na utaamka umelowa kwa maji yako mwenyewe huku nje hakujanyesha.

Sasa chini. Ni ajabu jinsi watu wanavyohangaikia blanketi la juu na kusahau kwamba ardhi ndiyo inayowanyonya joto usiku kucha. Blanketi lililolaliwa limebanwa, halina hewa ndani, halikingi. Katika hadwea kuna ile karatasi ya kung'aa yenye vipovu vya hewa, inayowekwa chini ya mabati ili nyumba isiwe tanuri mchana. Nunua mita mbili. Itandaze juu ya kipande cha nailoni, kisha juu yake weka gunia kavu. Ni nyepesi kiasi cha kushangaza, na mchana huikunja ukaikalia. Tafadhali, majani ya mlima yasikatwe kutandikwa. Ni kosa ndani ya hifadhi, na yakilowa hayasaidii.

Kwa mfuko wa kulalia, hadwea haina jibu. Kila unapopanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 au 7. Nanyuki iko karibu mita 1,950, kwa hiyo usiku wa Shipton una baridi zaidi kwa nyuzi 14 au 15, na usiku ambao hapa mtu anavaa sweta tu, kule maji yameganda. Mfuko wa kulalia wa kweli uazimwe au ukodishwe. Mjini wako wanaokodisha. Mitumba nayo itafutwe kwa makini: sweta la sufu hukupa joto hata likilowa kidogo, la pamba likilowa ni adui. Vya ujenzi vinavyofaa mwilini ni koti la mvua la kibarua, glavu na gambuti. Gambuti ni mfalme kwenye tope la njia ya Naro Moru, lakini kwenye mawe ya juu hazishiki kifundo cha mguu. Beba viatu vingine.

Maji. Tangu tarehe 5 Juni 2020, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika hifadhi zetu, kwa hiyo usinunue katoni ya maji dukani ukitarajia kupita nayo langoni. Nunua mtungi mdogo mpya wa lita 5. Chini yake kuna pembetatu yenye namba. 2 ni plastiki ile ile ya mitungi ya mafuta ya kula, ngumu na isiyopasuka upesi. Neno mpya hapa si la mapambo. Mtungi uliokaa dawa ya mifugo, dawa ya mazao, thina au petroli hauoshwi ukawa wa kunywea, hata kwa sabuni na maji ya moto, kwa sababu plastiki imekwisha kunywa ile sumu. Katika kaunti ya wafugaji na wakulima kama hii, mitungi ya namna hiyo iko kila boma. Isiguswe kwa safari. Ndoo ya chakula nayo iwe mpya na yenye mfuniko wa kubana, maana pimbi wa Shipton hawaogopi watu na mkoba wa nguo si kizuizi kwao.

Kupika. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa nyuzi 86 hivi, si 100. Hii ndiyo sababu githeri ya mahindi makavu haitaiva huko hata ukeshe nayo. Ipikwe nyumbani kabisa, juu ipashwe tu. Jiko la makopo mawili ya soda linalochoma spiriti ya hadwea huchemsha chai vizuri, lakini moto wake mchana hauonekani, na walioungua wengi ni wale waliomimina spiriti wakidhani umezimika. Subiri jiko lipoe ndipo uongeze. Wavu wa seng'enge au kipande cha bati visitumike kuchomea nyama, kwa kuwa vimepakwa zinki. Kuhusu kuni na moto wa wazi, sheria iulizwe langoni na ifuatwe. Moto wa mwaka 2019 uliteketeza sehemu kubwa ya nyika za juu, na mimea ya huko hukua polepole mno.

Na makaa. Hapa msikilize vizuri, hasa wapagazi. Usiku ukiwa mkali, kuna anayeingiza jiko la makaa ndani ya hema au chini ya turubai na kufunga mlango ili joto lisitoke. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Haikufanyi ukohoe, haikuamshi. Kichwa kinauma kidogo, unasinzia, basi. Watu hufa hivyo majumbani mwetu kila mwaka wa baridi, ndani ya vyumba vyenye madirisha. Ndani ya nailoni iliyofungwa hakuna hata ufa. Jiko, la makaa, la spiriti au la gesi, libaki nje. Ukisikia baridi, chemsha maji, yatie kwenye chupa ngumu, ifunge sawasawa na ulale nayo miguuni.

Lililobaki ni kamba. Za hadwea, ziwe za nailoni, manila au katani, ni za kufunga paa na mizigo. Kamba ya kupandia majabali imetengenezwa ivutike na kumeza kishindo cha mtu anayeanguka. Ya hadwea, unene wowote, haikufanyiwa kazi hiyo. Kwenda Lenana kwa njia za kawaida hakuhitaji kamba. Batian na Nelion zinahitaji, pamoja na mwongozo aliyefunzwa, na hakuna namna ya kuokoa pesa hapo.

Vifaa vyote hivi havizuii ugonjwa wa mwinuko. Maumivu ya kichwa yasiyoisha pamoja na kutapika, au mwenzako akianza kuyumba na kuongea ovyo, ni kushuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Asiachwe ashuke peke yake.

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Agosti na Septemba. Kabla ya hapo, kijana ajenge paa lake uani nyumbani usiku wa mvua ya Aprili, alale humo hadi asubuhi. Atajua kamba ipi ni fupi, wapi panavuja, na kama nguzo zinastahimili upepo, huku mlango wa jikoni kwa mama uko hatua ishirini. Walimu waweza kufanya hivyo na kilabu kizima uwanjani mwa shule.

Kila kitu kilichopanda kishuke. Vipande vya nailoni vilivyochanika vikunjwe na kurudishwa mjini, na misumari ihesabiwe asubuhi kabla ya kuondoka: minane. Ukihesabu saba, tafuta wa nane, maana gambuti ya mpagazi anayekuja nyuma yako haina soli ya chuma.