Neno Jema Lisingoje Kilio

Leo tunasoma Kitabu cha Ruthu, mlango wa 2, kuanzia mstari wa 8 mpaka wa 14. Wenye Biblia tufungue pamoja.

Ruthu alikuwa mjane na mgeni, mwanamke wa Moabu. Alifika Betlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri, akaenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji ili yeye na mama mkwe wake wapate chakula. Sisi tunayajua maisha hayo. Kati yetu kuna waliokimbia vijiji vyao na mtoto mgongoni, wakalima shamba la mtu mwingine ili jioni wapate unga.

Boazi, mwenye shamba, alimwambia nini? Alimwambia kwamba amesikia yote aliyomtendea mama mkwe wake, na jinsi alivyoacha baba, mama na nchi ya kwao. Akamtakia thawabu kwa Mungu wa Israeli, ambaye Ruthu amekuja kujificha chini ya mabawa yake. Tuangalie jibu la Ruthu: anasema amefarijiwa, maneno hayo yamemfikia moyoni. Wakati ule alikuwa hajaitwa kula mkate, wala hajaangushiwa masuke kwa makusudi. Moyo wake ulishiba kabla ya tumbo.

Na Boazi hakumdanganya. Msifu-uongo husifu kwa sababu anatafuta kitu. Boazi alitaja tendo la kweli, akalisema mbele ya mwenyewe, angali hai.

Hapo ndipo sisi tunaposhindwa, wapendwa. Kanisani kwetu tulizika mama mmoja wa protokole. Miaka mingi alifika mbele ya watu wote, akafagia, akapanga viti, akawakalisha wageni. Siku ya kilio tulisimama mmoja mmoja, mikro mkononi, tukamsifu. Ndugu mmoja alisema: «Siku ya kwanza niliingia hapa na nguo zimechakaa, nikataka kubaki mlangoni. Mama huyu aliniita mwanangu, akanipa kiti cha mbele. Kwa neno lile nilirudi Jumapili iliyofuata, na mpaka leo niko.»

Binti wa marehemu alipopewa nafasi, alituuliza: «Haya yote, mama aliyasikia lini? Nyumbani alikuwa akituuliza kama kazi yake inaonekana.»

Tulinyamaza. Hatukuwa na jibu.

Tusi la miaka kumi tunalikumbuka pamoja na siku na saa yake. Lakini neno jema tunalipokea, tunafurahi, kisha tunaliacha njiani. Leo tulitafute. Tumkumbuke mwalimu aliyetuambia tuna akili, tusikate tamaa, wakati minervale ilikuwa haijalipwa. Tumkumbuke jirani aliyesema watoto wetu wana heshima, siku ile tulipodhani tumeshindwa kuwalea. Tumkumbuke mama mkwe aliyesifu sombe yetu mbele ya wageni, nasi tukalala na furaha. Mungu alitutumia watu hao kama alivyomtuma Boazi shambani.

Basi juma hili tufanye mambo mawili. La kwanza: tumtafute mtu mmoja aliyetuambia neno lililotuinua, tumwambie kwamba hatujalisahau. Mwenye unite apige simu. Asiye nazo aende kwa miguu. La pili: kabla ya kulala leo, tumwambie mtu wa nyumbani mwetu jambo jema la kweli tuliloliona kwake. Baba amwambie mama. Mama amwambie mtoto, hata yule anayetusumbua kila siku.

Tuombe. Baba, utusamehe maneno mema tuliyoyafungia moyoni mpaka wenyewe wakaondoka. Umfariji binti yule. Utupe kinywa cha Boazi leo, wakati wapendwa wetu wangali wanasikia. Katika jina la Yesu, amina.