Kubadili Transfoma katika Redio za Wazee Wetu



Mirathi igawanywapo, redio ya valvu iliyonyamaza hutupwa mapema. Huenda kilichoungua ni transfoma tu, nayo hubadilishika. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: kabla ya kufunga transfoma mpya, zipimwe kapasita za kulainisha umeme pamoja na valvu ya kunyosha mkondo. Zikiwa na shoti, transfoma mpya nayo itaungua.

Transfoma hiyo ilingane na ya awali: mara nyingi volti 6.3 za kuzipasha moto valvu, na mamia ya volti za kuziendesha. Hapa Johannesburg, kama Dar es Salaam, umeme wa nyumbani ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni 120 na 60. Basi redio itokayo kwa ndugu zetu wa huko isichomekwe hapa kabla ya kukaguliwa.

Vijana, tahadharini: kapasita huhifadhi umeme hata plagi ikisha kuchomolewa, na umeme huo huua. Jifunzeni kwa mafundi wetu wangali hai, ili sauti iliyowakusanya wazee wetu jioni isiishie jalalani.