Posho ya Mwanafunzi Aendaye Hifadhini



Mwaka 2022 Serikali ya Sudani Kusini ilitia saini mkataba wa miaka 10 na shirika la African Parks wa kuziendesha hifadhi za Boma na Badingilo. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba swala wa aina mbalimbali wanaohamahama katika nyika hizo wanakaribia milioni 6.

Kutoka Atlabara, Badingilo iko ng'ambo ya mto Nile tu. Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa mwaka 1975, kinafundisha maliasili na mazingira. Kazi ipo, na vijana wa kujifunza kazi hiyo wakati wa likizo wapo. Nani atawalipa?

Wako wasemao kuwa mafunzo ya kazi ni sehemu ya masomo, hayana haja ya malipo. Hoja hiyo ni dhaifu. Kijana asiyelipwa hulishwa na baba yake. Asiye na baba wa kumlisha haendi. Hifadhi itabaki na wana wa wenye nacho, ambao aghalabu hawapendi mbu.

Marekani, mwaka 1933, ilifungua makambi ya vijana wasio na kazi ili wapande miti katika ardhi ya umma. Jeshi ndilo lililoyaendesha. Kijana alipata dola 30 kwa mwezi, na kama dola 25 kati ya hizo zilipelekwa kwa wazazi wake.

Askari ajuaye mshahara uliochelewa hahitaji maelezo zaidi. Mafunzo yafanyike kiangazi, kwani mvua hufunga njia za Badingilo. Posho itoke kila mwisho wa mwezi. Na askari wa wanyamapori atakayemwongoza mwanafunzi huyo, yeye alipwe kwanza.