Kijerumani na Sera ya Jamii: Kwa Nini Visomwe Pamoja Chuo Kikuu



Naja na dai moja. Mwanafunzi wa sera ya jamii anayechukua Kijerumani kuwa somo lake la pili, akakisoma mpaka aweze kufungua sheria na kuielewa bila mkalimani, huwa ameingia ndani ya fani yenyewe. Asiyefika hapo hubaki akisimuliwa.

Kozi nyingi za sera ya jamii humtaja Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, tangu mwanzo. Wanafunzi hukariri miaka: bima ya ugonjwa 1883, bima ya ajali kazini 1884, pensheni ya ulemavu na uzee 1889. Huambiwa kwamba kansela huyo alitaka kuwavuta wafanyakazi wasiwafuate wasoshalisti, kisha somo linahamia Uingereza. Hiyo ni nusu ya habari. Sheria ya 1883 ilimtaka mfanyakazi alipe theluthi mbili za mchango na mwajiri theluthi moja, na nafasi za uongozi katika mifuko ya ugonjwa ziligawanywa kwa uwiano huo huo. Maana yake, wafanyakazi walikuwa na kura nyingi kuliko mabosi wao. Na hayo yalitokea wakati vyama vya kisoshalisti vimepigwa marufuku kwa sheria iliyodumu kutoka 1878 hadi 1890! Mifuko ikawa mahali ambapo watu waliozuiwa kukutana kwa siasa walijifunza kutunza hesabu, kuendesha vikao na kusimamia fedha za umma. Mpaka leo wanachama wa mifuko ya bima na pensheni huchagua wawakilishi wao kila baada ya miaka 6; uchaguzi wa karibuni ulikuwa 2023. Mwanafunzi asiyeyajua haya atadhani mchango wa bima ni kodi iliyobadilishwa jina, na atashangaa kwa nini Mjerumani huutetea kama mali yake.

Mfano wa pili ni wa leo na unatuhusu moja kwa moja. Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi. Madarasa ya Kijerumani yana vijana wanaotaka kwenda kuuguza wagonjwa au kujifunza ufundi huko. Tunawafundisha kujitambulisha, kuomba kazi, kuandika barua ya kuahirisha miadi. Hatuwafundishi kusoma karatasi ya mshahara.

Hebu tuitazame karatasi hiyo, tuseme ni ya muuguzi. Asilimia 18.6 ya mshahara huenda kwenye pensheni, nusu akikatwa muuguzi na nusu akilipa mwajiri. Bima ya afya ni asilimia 14.6, nayo hugawanywa nusu kwa nusu, pamoja na nyongeza inayotofautiana mfuko hadi mfuko. Mwenzi asiye na kipato na watoto huingia katika bima hiyo bila mchango wa ziada. Mzazi anayelea mtoto aliyezaliwa kuanzia 1992 huhesabiwa miaka 3 ya pensheni kana kwamba alikuwa kazini. Huo ni msimamo wa kijamii kuhusu kazi ya malezi, na umekaa ndani ya kanuni za hesabu ambazo wengi huziruka.

Sasa muuguzi huyo amefanya kazi miaka 6 na anarudi nyumbani. Kama nchi yake haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Ujerumani, sheria inamruhusu, miezi 24 baada ya kuacha kuchangia, kuomba arejeshewe michango. Atapewa ile nusu aliyokatwa yeye tu. Sehemu ya mwajiri hapati, na akishapokea, haki zote za miaka ile zinafutika. Akiiacha fedha huko, kwa kuwa ametimiza miaka 5 ya uchangiaji, atastahili pensheni uzeeni, na hulipwa hata akiwa anaishi nje ya Ujerumani. Uamuzi huo ni mzito. Nani atamshauri? Mwalimu wa lugha hajui pensheni, na mtaalamu wa pensheni hasomi Kijerumani. Pengo hilo ndilo ninalolipigania lizibwe.

Wapo watakaosema kwamba tafsiri zipo na simu siku hizi hutafsiri kila kitu. Zinasaidia. Lakini vitabu vya sheria ya jamii ya Ujerumani hurejeleana kifungu kwa kifungu na hurekebishwa mara kwa mara, na hukumu za Mahakama ya Jamii ya Shirikisho iliyoko Kassel huandikwa kwa Kijerumani. Anayesubiri tafsiri husoma sheria ya mwaka uliopita.

Faida haiishii kwa wanaosafiri. Kenya na Tanzania zote zilipitisha sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023. Kenya humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na mwajiri hachangii kitu. Mhitimu anayejua jinsi mchango wa pamoja unavyompa mwajiri na mfanyakazi sauti katika mfuko mmoja ataingia katika mjadala kuhusu sheria hizo na hoja ya kueleweka, awe anaiunga mkono au anaipinga.

Kuhusu utekelezaji, nisiwachoshe. Naomba idara zetu mbili, ya Kijerumani na ya sera ya jamii, zikubaliane kwamba kufikia mwaka wa tatu mwanafunzi awe na kiwango cha B2 cha Kijerumani, na kwamba muhula mmoja wa Kijerumani ufundishwe kwa kutumia sheria, karatasi za mshahara na barua ambazo taasisi ya pensheni huwatumia wanachama kila mwaka. Fasihi ibaki, sitaki mtu yeyote aondolewe Goethe wala Brecht. Mtihani wa mwisho wa muhula huo uwe wa kumpa mwanafunzi faili la muuguzi wa kubuni anayerudi Kisumu au Moshi, amwandikie kwa Kiswahili ushauri wa kurasa mbili, na aonyeshe kifungu alichokitegemea.